Mwenye Pingamizi na Aseme

Masomo ya juma: Matendo ya Mitume 3:1–10, Hesabu 27:1–7



Neno pingamizi wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza kanisani. Mzee wa kanisa alisimama na karatasi, akasoma majina ya waliotaka kufunga ndoa, Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara alimalizia kwa kumtaka mwenye pingamizi alete habari kwa mchungaji. Sisi watoto tuligeuza shingo kuangalia kama yupo atakayeinuka. Hakuinuka mtu. Tukakua tukidhani kuweka pingamizi ni jambo la aibu, kazi ya mwenye kinyongo anayetaka kuharibu sherehe ya wenzake. Kumbe kanisa liliweka tangazo lile kwa upendo. Kama lipo jambo litakalomuumiza mtu kesho, lisemwe leo, kabla viapo havijaapwa na sufuria hazijainjikwa.

Juma zima nimelibeba neno hilo kila nipitapo stesheni yetu.

Tangazo limebandikwa kwenye uzio, kando ya mashine ya tiketi, kwa herufi ndogo na ramani isiyosomeka vizuri. Kwa ambao hamkupata nafasi ya kulisoma: kampuni inayoendesha stesheni inapendekeza kuufunga kabisa mlango wa chini, ule unaotazamana na kituo cha basi, ili abiria wote waingilie mlango wa juu, kule darajani. Huko juu yatawekwa mageti mapya ya tiketi na ukumbi utapanuliwa. Maoni ya abiria yanapokelewa kwa majuma manne. Moja limeshapita.

Mlango wa chini hauna cha kupigia picha. Ni geti la chuma na kipande cha njia ya lami. Lakini njia ile iko sawa na jukwaa la treni za kwenda London. Ukishuka kwenye basi unatembea tu, hupandi wala kushuka hata ngazi moja. Mlango wa juu una ngazi ndefu na lifti moja. Lifti hiyo mnaijua. Mnajua ni mara ngapi tumeikuta imezungushiwa utepe, na karatasi ya kuomba radhi imebandikwa mlangoni pake.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri nilisimama pale chini nikaangalia tu. Walipita kina dada wawili wa kwetu wanaotoka shifti ya usiku kwenye makao ya wazee, macho mekundu, viatu vyeupe vimechafuka. Akapita mama mwenye gari la mtoto mchanga, na mtoto mwingine ameshika ncha ya koti lake. Akapita fundi mmoja na sanduku la vyombo vya kazi. Kisha akaja bibi yetu, ambaye amenipa ruhusa nimtaje bila jina, akijisukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, leo umeamka na kuku." Huwa anatoka alfajiri hiyo mara tatu kwa juma kwenda kusafishwa figo, maana akichelewa mashine hupewa mgonjwa mwingine na yeye hungoja hadi mchana.

Nikamuuliza atafanyaje geti likifungwa. Akasema, "Nitapanda lifti." Na lifti ikiwa mbovu? Akaangalia juu darajani, akanyamaza. Sikupata usingizi vizuri usiku ule, kwa sababu ya kunyamaza kwake.

Sasa twendeni Yerusalemu. Petro na Yohana walikuwa wakipanda kwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Wayahudi wale walihesabu saa kama walivyohesabu bibi zetu, tangu jua linapochomoza, hivyo saa tisa yao ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Mlangoni alikuwapo mtu asiyeweza kutembea tangu tumboni mwa mamaye. Luka anatuambia kwamba watu walimbeba na kumweka pale kila siku, na baadaye, katika sura ya nne, kwamba umri wake ulipita miaka 40. Mlango wenyewe uliitwa Mzuri. Wafafanuzi wengi wanaamini ndio lile lango la shaba ya Korintho ambalo Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, alilisifu kuwa lilipita kwa thamani malango yaliyofunikwa kwa fedha na dhahabu.

Tulieni hapo kidogo. Lango lilikuwa zuri kuliko malango yote, na chini yake mtu alilala. Watu waliingia kuabudu wakimruka. Siwaiti wabaya; wengine walimpa sadaka, na wale waliombeba kila siku walifanya kazi ya huruma ambayo hatujui hata majina yao. Lakini katika miaka yote hiyo huruma yao iliishia mlangoni. Walimfikisha hapo, wakamwacha hapo.

Tunaposoma habari hii huwa tunakimbilia muujiza, na ni haki yetu kuufurahia. Petro alimshika mkono wa kuume, akamwinua, nyayo zake na vifundo vyake vikapata nguvu. Lakini angalieni alikokwenda mara ya kwanza kwa miguu yake mipya. Hakwenda sokoni wala nyumbani. Aliingia pamoja nao hekaluni, akitembea na kurukaruka na kumsifu Mungu. Muujiza ule ulikamilika alipovuka kizingiti. Bwana Yesu, kwa mkono wa mtumishi wake, alimponya mtu huyo miguu na pia alimtoa nje akamtia ndani. Kwangu mimi, mchungaji wa watu wanaoamka alfajiri, hayo ndiyo mahubiri ya juma hili.

Baadhi yenu mtasema, Mchungaji, stesheni siyo hekalu. Ni kweli. Lakini katika Maandiko lango halikuwa tundu la kupitia tu. Wazee walikaa langoni kuamua mashauri. Amosi alipowakemea wakubwa wa Israeli, mojawapo ya makosa aliyoyataja ni kwamba mhitaji aligeuziwa haki yake palepale langoni. Yule tajiri na Lazaro aliyejaa vidonda, katika Injili ya Luka, walitenganishwa na mlango mmoja. Mungu huangalia milango yetu na kuona ni nani amebaki upande gani.

Kuna kisa kingine ambacho hatukihubiri vya kutosha. Binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Kwa mpango wa kugawa nchi uliokuwapo, jina lake lingefutika na wao wasingepata kitu. Wakaenda. Wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, na Maandiko yanataja mahali: mlangoni pa hema ya kukutania. Wanawake watano wasio na baba, mume wala kaka wa kuwasemea, wakapinga mpango ambao watu wote walishaukubali. Hawakutukana wala hawakuanguka chini kulia. Walisema habari ya baba yao, wakasema kasoro iko wapi, wakasema wanachotaka. Musa hakuwa na jibu mfukoni. Akalipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema binti hao wamenena sawa. Sheria ikabadilishwa, na wanawake waliokuja baada yao wakapata urithi kwa sababu ya siku ile mlangoni.

Nimekaa na wengi wenu juma hili baada ya ibada ya katikati ya juma, na nimesikia jambo linalonihuzunisha kuliko mpango wenyewe. Mmoja alisema, "Mchungaji, mimi ni mgeni hapa, siwezi kuwapangia wenyeji." Mwingine alisema ana karatasi zake za ukazi ofisini zinashughulikiwa na hataki jina lake lionekane mahali popote. Mama mmoja alisema Kiingereza chake ni cha kununulia nyanya.

Ninaomba mnisikilize hapa kama baba anavyosema na wanawe. Nimelisoma tangazo lile mara tatu. Linaomba maoni ya abiria. Ukilipa nauli wewe ni abiria. Na wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi jembe mlishapewa zamani. Mnawaogesha wazee wa mji huu, mnawalisha, mnawafumba macho wanapofariki usiku na watoto wao wako mbali. Mwenye jembe shambani anaruhusiwa kusema kwamba njia ya kuingilia shamba imezibwa. Ruthu alikuwa Mmoabi, mgeni mjane, na shauri lake lilisikilizwa langoni pa Bethlehemu mbele ya wazee kumi. Mgeni njoo mwenyeji apone: mkilisemea geti lile, watapona pia wazee wa Kiingereza wanaotembelea mikongojo na ambao wameona haya kulalamika. Mwenye hofu ya kweli kuhusu karatasi zake simlazimishi. Aje aombe nasi, na wengine waandike.

Tena nchi hii ina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 1961, mbele ya stesheni ya Euston jijini London, lilisimama lango kubwa la mawe lenye nguzo nne, kazi ya msanifu Philip Hardwick, lililojengwa miaka ya 1830 reli zilipokuwa bado ngeni duniani. Wakuu wa reli walitaka kujenga stesheni mpya, wakaamua libomolewe. Watu walipinga, miongoni mwao mshairi John Betjeman, na ujumbe ukaenda hadi kwa Waziri Mkuu Harold Macmillan. Walishindwa. Lango lilivunjwa, na mawe yake mengi yakatupwa kuziba shimo kwenye mfereji mmoja mashariki ya London. Mwaka 1994 ndipo mwanahistoria Dan Cruickshank alipoyafuatilia na kuyapata majini. Lakini uchungu ule haukupotea bure. Zamu ya kubomolewa ilipokaribia stesheni jirani ya St Pancras, waliopinga walikuwa wamejifunza, na mwaka 1967 jengo lile likapewa ulinzi wa juu kabisa wa sheria. Linasimama hadi leo. Ukishuka pale, utaona sanamu ya Betjeman akiangalia juu darini, ameshika kofia.

Yale yalikuwa mapambano ya kulinda uzuri, na uzuri nao ni karama ya Mungu. Yanayonigusa zaidi ni yale yaliyotokea karibuni. Reli ya Elizabeth line ilipopangwa, stesheni zake 7 zilikuwa ziachwe na ngazi tupu, bila njia kwa mwenye kiti cha magurudumu. Zilikuwamo Hanwell na Taplow upande wa magharibi, na Manor Park upande wa mashariki. Watu wenye ulemavu, pamoja na shirika lao la Transport for All, walikataa. Waliandika, wakaenda kwenye mikutano, wakasimama nje ya stesheni hizo, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2014 fedha zikapatikana. Reli ilifunguliwa Mei 2022. Leo ina stesheni 41, na katika zote unaweza kutoka barabarani ukafika jukwaani bila kupanda ngazi. Ukimsukuma mzazi wako au mtoto wako ndani ya lifti mojawapo ya zile 7, unapita juu ya kazi ya watu usiowajua.

Na mwaka 2023 ninyi wenyewe mlishuhudia. Mwezi Julai makampuni ya treni yalitangaza kufunga madirisha ya kuuzia tiketi karibu kila mahali katika Uingereza. Mwanzoni watu walipewa siku 21 tu za kusema. Muda ukaongezwa hadi Septemba 1. Majibu yapatayo 750,000 yakafika kwa vyombo viwili vya kutetea abiria, Transport Focus na London TravelWatch. Wengi waliandika habari za maisha yao tu: sioni vizuri, sina simu ya kisasa, naogopa kukaa stesheni peke yangu usiku. Vyombo vile vikayapinga mapendekezo, na Oktoba 31 serikali ikayataka makampuni yayaondoe. Nakumbuka siku ile mama mmoja wa kwaya yetu alinipigia simu akipiga vigelegele kana kwamba amezaa.

Nimekua kando ya Reli ya Kati. Reli ile Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, na stesheni zake ndogo nyingi hazikuwa na lango la kufungwa. Treni iliposimama, kijiji kizima kiliingia: wenye ndizi, wenye maji, wenye kuku wa kuchoma pale Saranda, mzee anayemsindikiza mwanawe, na vipofu walioongozwa na wajukuu. Sisemi tuirudishe hali ile hapa. Treni za hapa zina kasi, na uzio unaokoa maisha. Nasema tu kwamba ninajua stesheni inavyoonekana ambapo hakuna aliyeachwa nje, na picha hiyo hainitoki.

Haki inatudai tuwasikilize na wenye stesheni. Wanasema mlango wa chini hauna mlinzi usiku, kwamba wapo wanaopita bila kulipa nauli, na kwamba wafanyakazi wamewahi kutishiwa pale gizani. Haya ni ya kweli, msiyapuuze. Wafanyakazi wale nao ni watoto wa watu. Kijana anayesimama pale asubuhi anamsaidia bibi yetu kuweka ubao wa kupandia kabla hajaombwa. Barua itakayomdhalilisha mfanyakazi yeyote, mimi sitaipeleka. Lakini giza huondolewa kwa taa, na nauli hudaiwa kwa geti pana linalopitisha kiti cha magurudumu, lenye kamera na kitufe cha kumwita mtu. Yote mawili yanaweza kuwekwa palepale chini. Kulifunga ni njia rahisi kwa mwenye stesheni, na gharama yake anaibeba bibi.

Basi mtakapoandika, andikeni yenu. Msinakili barua ya mwenzenu, maana barua mia zinazofanana husomwa kama moja. Sema unapita pale siku gani na saa ngapi, unabeba nini au nani, na nini kitakupata geti likifungwa. Kama uliwahi kukwama siku lifti ilipoharibika, taja ulivyokwama na ulichopoteza: shifti, miadi ya daktari, mshahara wa siku. Kisha sema unachopendekeza, kama walivyofanya wale binti watano. Mstari mmoja wa kweli unatosha. Asiyejiweza kwa Kiingereza aseme kwa Kiswahili, vijana wetu wataandika, kisha watamsomea tena kwa lugha yake kabla hajatia sahihi. Vijana, fanyeni hivyo kwa uaminifu. Msiongeze chumvi kwenye maneno ya wakubwa wenu.

Nehemia alipotaka kujenga Yerusalemu hakuanza na hotuba. Aliondoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua malango yaliyoteketea. Nasi tutafanya kazi kama hiyo. Alhamisi hii, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, tutasimama wanne mlango wa chini na wanne wa juu, tuhesabu kila anayepita: mwenye mkongojo, mwenye gari la mtoto, mwenye mzigo mzito, mwenye kiti cha magurudumu. Hatutamuuliza mtu jina. Kina baba wa zamu ya mchana wameshajitolea. Tunahitaji wawili zaidi. Hesabu hiyo tutaiambatanisha na barua zetu.

Jumapili baada ya ibada meza zitakuwa ukumbini, upande wa chai. Njooni na miwani yenu.

Barua ya kwanza imekwisha kuandikwa. Bibi yetu aliisema jana nyumbani kwake, mjukuu wake akiandika. Alitaja siku zake tatu na saa yake ya alfajiri. Alitaja asubuhi ya Januari ambapo lifti ilikuwa mbovu na mlango wa chini ukamwokoa. Mjukuu alipodhani barua imekwisha na kukunja karatasi, bibi akamzuia mkono. "Bado," akasema. "Andika kwamba yule kijana wa getini huniamkia kila siku. Wasije wakadhani namlalamikia yeye."

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji